Je, wajua kwa nini samaki wa mwambani hufa ndani ya maji ya bahari yake mwenyewe?

Siku ya kwanza aliogelea vizuri tu. Samaki mdogo mwenye mistari, urefu wa kidole, niliyemkinga kwa kipande cha chandarua kwenye kidimbwi cha mwambani pale Shangani, Mtwara, bahari ilipokuwa imekupwa. Tangi langu la kioo lilikuwa la lita 20, na nililijaza maji ya pale pale nilipomkuta. Chini nikatandaza mchanga na kombe mbili tatu za kupendezesha macho. Siku ya tatu nikamkuta amelala ubavu. Maji yalikuwa maangavu kama ya chupa.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyekula chumvi ya bahari miaka mingi, alilichungulia lile tangi akacheka. "Mjukuu wangu, hukumhamisha nyumba huyu. Umemfungia chooni."

Sikujua wakati ule kwamba alikuwa amemaliza somo zima la kemia. Samaki hutoa uchafu wa mwili wake kwa njia ya amonia, na sehemu kubwa hupitia kwenye matamvua anapopumua, si kwenye haja. Ni ile amonia inayokuchoma pua ukiingia zizi la mbuzi lisilofagiliwa. Ndani ya maji haina rangi, na ikiwa kidogo hata harufu huisikii, lakini huunguza matamvua. Chakula kilichobaki nacho kikioza hutoa amonia hiyo hiyo.

Maji ya bahari yana ukali wake wa ziada hapa. Pieichi yake, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ni kama 8.2, na maji yakiwa hivyo, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu huwa zaidi ya mara kumi ya ile ya maji baridi, yasiyo na chumvi, yenye pieichi 7. Ndiyo maana mtu aliyefuga samaki wa maji baridi kwa miaka akahamia wa maji chumvi hushangaa: kosa lile lile alilozoea kusamehewa, huku linaua kwa siku mbili.

Basi mbona yule samaki hakufa kwenye kidimbwi, ambacho si kikubwa kuliko ndoo nne? Kwanza, bahari hukirudia mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua maji ya Mtwara hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kila yakijaa hukisafisha kile kidimbwi. Pili, na hili ndilo linalowapita wengi, mwamba wenyewe unafanya kazi. Kila tundu la jiwe limejaa bakteria. Kundi moja hula amonia na kuigeuza nitriti. Kundi jingine huichukua nitriti na kuifanya nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Mimi nilichota maji nikaacha mwamba. Bakteria hao hukaa wameng'ang'ania juu ya vitu, kwenye maji yenyewe wamo wachache mno.

Kwa hiyo tangi jipya huanzishwa bila samaki. Unaweka mawe yenye matundu, mchanga, maji, pampu ya hewa yenye sponji, kisha unatupia punje ya kamba wa sokoni aoze humo. Ndiyo, aoze. Amonia yake ndiyo chakula cha bakteria wa mwanzo. Kwa vipimo vya matone utaona amonia inapanda, halafu inashuka huku nitriti ikipanda, na mwisho vyote viwili vinarudi sifuri na nitrati peke yake inabaki. Kwa kawaida safari hiyo huchukua wiki 4 hadi 6. Ni wiki za kuchosha, unakaa unaangalia mawe, na wageni wanakuuliza samaki wako wako wapi.

Mawe yasitoke kwenye mwamba hai. Kusini mwa mji, kuanzia Msimbati hadi mdomo wa Ruvuma, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na matumbawe hai hayavunjwi hata nje ya mipaka yake. Hayahitajiki pia. Jiwe la matumbawe ya kale, lile linalochimbwa nchi kavu kwa ujenzi, lina matundu yale yale, mradi lisiwe limegusa saruji wala rangi. Bakteria watalihamia wenyewe.

Maji yachote bahari inapojaa, ufukwe ulio wazi, mbali na bandari na mifereji. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, subiri siku kadhaa baada ya mvua kubwa.

Sasa kosa langu la pili, ambalo naona aibu kulisema. Tangi la pili, la lita 60, lilipita wiki zake sita salama, nikatia konokono na samaki mmoja. Maji yakawa yanapungua kwa joto, na mimi, kwa kuwa bahari ipo hatua chache, nikawa naongeza maji ya bahari. Hesabu yake ni hii. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo lita 60 zina kilo 2.1. Zikikauka lita 6, chumvi haiondoki nazo: kilo zile zile 2.1 sasa zimo ndani ya lita 54, karibu gramu 39 kwa lita. Ukijaziliza kwa maji ya bahari unaongeza gramu 210 nyingine. Fanya hivyo mara nne tano, unakuwa umejenga shamba la chumvi. Konokono waliacha kutembea, nikadhani wamelala.

Kinachokauka ni maji matupu, kwa hiyo kinachorudishwa ni maji matupu. Ya bomba yana klorini, ambayo huua wale bakteria uliowangoja wiki sita. Ya mvua ya bati nayo yana hatari yake: mabati huwa yamepakwa zinki, na zinki huwadhuru konokono na matumbawe kabla hujaona dalili kwa samaki. Mimi hununua maji yaliyochujwa ya dumu kubwa, yale ya kunywa.

Umeme ukikatika usiku, pampu husimama, na sumu siyo tatizo la kwanza, ni hewa. Maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji yasiyo na chumvi, na kadiri yanavyopata joto ndivyo inavyozidi kupungua. Kikombe kinatosha: chota, mimina kutoka juu, chota tena. Mkono utauma.

Matumbawe hai yana masharti mengine. Ndani ya nyama yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaowalisha kwa nguvu ya mwanga. Joto likizidi nyuzi moja au mbili juu ya walilozoea kwa wiki kadhaa, huutoa ule mwani na kubaki meupe. Ndivyo ilivyotokea sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1998. Bahari nzima ilishindwa kuwapoza. Chumba changu chenye dari ya bati, mwezi wa Desemba, hakiwezi hata kujaribu. Kwa sasa nina mawe, konokono wanne na samaki mmoja, na feni ndogo inayopuliza juu ya maji mchana. Matumbawe nayaangalia Msimbati, kwa miwani ya kupigia mbizi.