Hori la Darajani si ziwa

Baadhi ya vijana wanaotembeza wageni mjini Unguja wamezoea kusema kwamba kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo zamani palikuwa na "ziwa la kuchimbwa". Hapana, lilikuwa hori: mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, wenye maji ya chumvi yanayojaa na kupwa.

Neno hili asili yake ni Kiarabu, khor, na ndilo lililomo katika Khor Dubai na katika jina la mji wa Al Khor kule Qatar. Hori la kulishia ng'ombe ni neno jingine, na hori la kuvulia, ule mtumbwi mdogo, ni jingine tena. Matamshi ndiyo yamefanana.

Ziwa la kutengenezwa lina habari yake. Katika bustani ya Hyde Park, London, lipo moja liitwalo Serpentine. Mwaka 1730 Malkia Caroline, mke wa Mfalme George wa Pili, aliamuru mto Westbourne uzibwe, maji yakatuama, bustani ikapata ziwa. Wenzetu walitengeneza maji. Sisi tulitengeneza ardhi: hori letu lilifukiwa kipande kwa kipande mpaka likamalizika katika karne ya 20. Kwa hiyo kilichofanywa kwa mikono ya watu pale Mnazi Mmoja ni kiwanja chenyewe, hiki wanachochezea watoto mpira.

Na ukishasema ziwa, majina ya mji yanapotea maana. Darajani paliitwa hivyo kwa daraja la kuvukia hori, na soko la 1904 likachukua jina la mahali. Ng'ambo ni ng'ambo ya hori. Hata Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado wanaiita Creek Road, inafuata njia ya maji yale.

Mwenye shaka avuke aende Pemba, ashuke ukingoni Chake Chake maji yakiwa yamekupwa. Ataona tope jeusi, mizizi ya mikoko iko nje, na vyombo vimelala ubavu vikisubiri maji yajae. Hilo ni hori hai, na la Unguja lilikuwa ndugu yake.

Basi, wanangu, mgeni akiuliza pale sokoni, mwambieni kwamba hapa bahari ilikuwa ikiingia na kutoka, na kwamba jina lake ni hori.