Msakaji Asiye na Bastola

Riwaya za kihistoria kuhusu wanawake wa vita na wasakaji wa Wanazi zimetuzoesha sura moja: mwanamke, bastola mkobani, anamnyatia muuaji gizani. Zinanoga, sikatai. Ila kazi yenyewe haikuwa hivyo.

Mtazame Beate Klarsfeld, Mjerumani aliyeolewa Ufaransa. Mabavu aliyajaribu kweli: mwaka 1971 alitaka kumteka Kurt Lischka, afisa wa zamani wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, akaambulia patupu. Kilichomnasa Klaus Barbie, aliyekuwa mkuu wa Gestapo mjini Lyon, Ufaransa, ni makaratasi na ung'ang'anizi. Waendesha mashtaka wa Munich, Ujerumani, walipofunga jalada la Barbie mwaka huohuo, Beate alikwenda huko na mama aliyeuliwa watoto watatu waliokamatwa kwa amri ya Barbie katika kijiji cha Izieu, Ufaransa. Mama yule akaketi nje na bango, akagoma kula. Jalada likafunguliwa.

Picha mbili zikalinganishwa, ya 1943 na ya 1968, na “Altmann”, mfanyabiashara wa Bolivia, akajulikana kuwa ndiye Barbie. Mwaka 1972 Beate na mama mwingine wakajifunga minyororo kwenye benchi mjini La Paz, Bolivia, wakidai Barbie akabidhiwe. Barbie alifikishwa Ufaransa 1983. Kifungo cha maisha kikaja 1987.