Maneno yote yamo, lakini hati hakuna

"Fundi, nimeshaigeuza mwenyewe, wewe niprintie tu." Mwezi huu nimeyasikia maneno hayo mara tatu, na mara zote flashi imekuja na kichekesho kile kile: mwongozo.chm, yaani faili la msaada la programu ya Windows, umebadilishwa jina ukawa mwongozo.doc. Word inaufungua, inatapika alama za ajabu ukurasa baada ya ukurasa, halafu lawama inaangukia printa yangu. Jina ulilobandika nje haligusi kilichomo ndani. Lifungue faili hilo kwenye Notepad, na hata uliite .pdf, herufi nne za mwanzo bado ni ITSF, alama ya CHM.

Huyo simlaumu sana. Anayenimaliza ni yule aliyepakua programu ya bure, akabofya mara moja, akapewa DOCX, yaani hati ya Word, ya mamia ya kurasa, akaamini kazi imekwisha. "Si maneno yote yamo?" Yamo. Hata gunia lililomwagiwa mchele, maharage na dagaa kwa pamoja lina chakula chote.

Chanzo cha matatizo ni kudhani kwamba faili la msaada ni kitabu kilichovalishwa jalada jingine. CHM, ambayo Microsoft waliitoa mwaka 1997, ni furushi la kurasa za HTML, kama zile za tovuti, zilizobanwa kwa mbinu iitwayo LZX ili zichukue nafasi ndogo. Kila mada ina ukurasa wake, picha ziko pembeni, na kwa kawaida kuna mafaili mawili ya kuongoza: .hhc yenye yaliyomo na .hhk yenye faharasa. Aliyeandika hakumfikiria msomaji wa kuanza mwanzo hadi mwisho. Alimfikiria mtu aliyekwama kwenye dirisha fulani, akabonyeza F1, akasoma aya tatu na kurudi kazini. Mpangilio wote umekaa kwenye .hhc. Kigeuzi kisichosoma .hhc kinapanga kurasa kwa alfabeti ya majina ya mafaili. Nimeletewa mwongozo wa programu ya uhasibu, wa Kiswahili kizuri tu, ambamo "Kufunga mwaka" imetangulia "Kufungua akaunti", na "Kusakinisha" iko karibu na mwisho. Mhasibu mgeni angefunga vitabu kabla ya kuwa navyo!

Kwa hiyo, kabla ya kugeuza chochote, fumua furushi. Windows yenyewe ina zana ya kazi hiyo na haikugharimu senti. Kwenye dirisha la amri andika:

hh.exe -decompile C:\kazi C:\mwongozo.chm

7-Zip nayo inafumua. Kisha fungua .hhc kwa Notepad. Utakuta orodha ndani ya orodha (HTML inaziita ul), na kila kipengele kina "Name", yaani jina la mada, na "Local", yaani faili lake. Kina cha orodha ndiyo ngazi ya kichwa: ya nje ipewe mtindo wa Word uitwao Heading 1, ya ndani yake Heading 2, na kuendelea. Ramani yote ya hati yako iko pale, imechorwa bure na mwandishi wa kwanza, na watu wanaitupa ili wahangaike kubuni upya.

Vichwa vina mtego mwingine. Vigeuzi vingi vinaleta kichwa kama maandishi manene makubwa, bila mtindo wowote. Kwa macho hati inapendeza, ila Word haijengi orodha ya yaliyomo kwa unene wa herufi, inaijenga kwa mitindo. Kipimo changu ni Navigation Pane, kidirisha cha pembeni cha Word kinachoorodhesha vichwa. Ikiwa tupu, hati bado mbichi, na siiprinti hata ukinibembeleza.

Picha ndizo zinazoaibisha watu mbele ya mabosi. HTML haibebi picha, inaelekeza tu zilipo. Ukifungua HTML ndani ya Word na kuihifadhi kama DOCX, picha zinaweza kubaki viungo vya kwenye folda yako. Kwako zinaonekana vizuri. Kwa bosi uliyemtumia, visanduku vitupu. Nenda File, kisha Info, bofya "Edit Links to Files", chagua zote, weka alama kwenye "Save picture in document", na ndipo utume.

Na "bofya hapa" je? Mtu abofye karatasi? Hakuna kigeuzi cha kukubadilishia hiyo iwe "tazama ukurasa wa 42". Ni kazi ya mkono, kwa cross-reference ya Word, ili namba zijisahihishe kurasa zikisogea.

Mengine ni ya haraka. "Faili limeharibika, kurasa ni nyeupe." Halijaharibika. Limetoka mtandaoni na Windows imelizuia. Nenda Properties, weka alama kwenye "Unblock". Kama liko kwenye diski ya pamoja ya ofisi, lihamishie kwenye kompyuta yako, maana tangu sasisho la usalama la 2005 Microsoft walibana ufunguaji wa CHM kupitia mtandao.

"HLP si ndiyo hiyo hiyo CHM?" Hapana. HLP ni faili la msaada kongwe la enzi za Windows 3.0, na ilitengenezwa kutoka RTF, aina ya hati ya maandishi, ndiyo maana HelpDeco, programu ya kufumua HLP, inaweza kukurudishia RTF ambayo Word inaisoma moja kwa moja. Kisomaji chake kiliachwa nje ya Windows kuanzia Vista, na cha kupakua kiliishia 8.1.

"Kiswahili hakina herufi za taabu." Mpaka ukutane na ng’ombe aliyeandikwa kwa kipembe (’) kilichopinda: herufi zilizohifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8 zikisomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows-1252, anatoka ngâ€™ombe. Tafuta â€™ kwenye hati nzima kabla ya kuprinti.

"Ni ya bure, kwa hiyo ni huria." Calibre, inayosoma CHM na kutoa DOCX, ni huria kweli: leseni yake ni GPL, ya programu huria, na msimbo wake uko wazi. Vijiprogramu vingi vidogo vya kugeuza ni vya bure tu. Aliyekitengeneza kimoja akikiacha, hakuna wa kukirekebisha, na vingine ni vya majaribio vinavyokata hati katikati. Bure hiyo pia haikupi ruhusa ya kuuza mwongozo wa mtu mwingine.

Ukija kwangu, njoo na CHM yenyewe. Ukiniletea DOCX peke yake, .hhc umeiacha nyumbani.