Tiba ya mazungumzo hapa Lamu: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Hiyo ni ya mume na mke waliogombana.”

Hili ndilo nisikialo zaidi tangu nianze kupokea watu wazima kwa tiba ya mazungumzo. Wakisikia kuwa kazi yangu imesimama juu ya uhusiano, wengi hudhani ni kesi za ndoa: nani kamkosea nani, nani arudi kwao. Hayo yana kadhi na wazee wake. Anayekuja kwangu huja peke yake, na uhusiano wenyewe ni ule unaojengeka baina yetu wawili mle chumbani. Mtu aliyejifunza tangu utotoni kuwa akikasirika huachwa, huja kwangu na mazoea hayo hayo. Atanificha hasira zake, atacheka mahali pa kulia, atanishukuru hata siku niliyomkosea. Yale yanayomtesa nyumbani na kazini yanatokea mbele yetu yakiwa mabichi, na hapo tunaweza kuyatazama pamoja.

Nitunge mfano, maana ya watu hayaandikwi. Nahodha wa makamo, mtu wa heshima zake, amekuwa akija kwa miezi kadhaa. Siku moja ananiambia, “Leo hukunisikiliza. Ulikuwa ukitazama dirishani.” Kisha papo hapo anaomba radhi, anaokota kofia yake, anataka kuondoka. Nikimjibu kuwa amekosea, nimemfanyia yale yale aliyofanyiwa na baba yake. Nikimwambia, “Kweli, hapo kati nilipotea. Ulihisi nini uliponiona hivyo?”, anakaa tena. Kwa mara ya kwanza pengine, amelalamika na hakufukuzwa. Kikao kama hicho nakithamini kuliko vikao vingi vilivyokwenda shwari.

Wataalamu wa Marekani Jeremy Safran na Christopher Muran walitumia miaka mingi kuchunguza mifarakano ya namna hii kati ya mtaalamu na mteja, na jinsi inavyotengenezwa. Kabla yao, mwaka 1979, mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kuwa mafungamano ya tiba, yaani namna mtaalamu na mteja wanavyoshikamana katika kazi yao, yana nguzo tatu: kukubaliana mnakotaka kufika, kukubaliana mtafanya nini ili mfike, na kuaminiana. Tafiti nyingi zilizofuata, za tiba za aina mbalimbali, zimeonyesha kuwa uimara wa mafungamano hayo ni miongoni mwa dalili za kutegemewa kuwa mtu atapata nafuu.

“Kuongea tu? Baraza ninayo.”

Na usiiache. Upweke unaumiza, na baraza inaokoa wengi. Lakini barazani una uso wa kuulinda, na nasaha huanza kumiminika hujamaliza hata sentensi. Kwangu una dakika 50, siku ile ile na saa ile ile kila wiki, na mimi si shemeji yako, si jirani wa ukuta mmoja, simtafutii mwanangu mchumba kwenu. Nasaha ni chache. Mara nyingi mtu anayajua ya kufanya siku nyingi. Kinachomshinda ni kitu kingine, na hicho ndicho tunachokitafuta.

“Mji huu hauna siri.”

Hofu hii naiheshimu, kwa sababu ina msingi. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na anayepita mtaa wa Langoni asubuhi, adhuhuri habari imefika mtaa wa Mkomani. Siri ya mtungi muulize kata, na watu wanaogopa kuwa kata nitakuwa mimi.

Kwa hiyo mambo madogo madogo tunayapanga tangu mwanzo. Naacha nafasi ya kutosha baina ya mteja na mteja ili wasipishane mlangoni. Tukikutana uwanja wa Mkunguni au gatini, kutosalimiana kungekuwa ndiko kutangaza, basi tunapeana salamu kama za mtu yeyote na kila mmoja anashika njia yake. Ada tunakubaliana kabla, na anayetumia simu moja na mwenzake hulipa taslimu, maana ujumbe wa M-Pesa hubeba jina langu. Akiwa ni jamaa yangu, au tumefungamana kwa njia nyingine, simpokei. Namwelekeza kwa mwenzangu Mombasa au Malindi, na wanaweza kuzungumza kwa video.

Siri hii ina mipaka, na mipaka hiyo huielezwi siku mambo yameharibika. Unaelezwa siku ya kwanza. Ikiwa maisha yako au ya mwingine yako hatarini, ikiwa mtoto anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru, sitanyamaza. Pia kazi yangu naijadili na msimamizi wangu wa kitaaluma bila kutaja jina la mtu. Na anayeogopa kunitamkia kuwa amefikiria kujiua kwa kuhofia polisi, ajue kuwa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba. Nakuomba uniambie. Usiku ukiwa mzito na kikao kiko mbali, nenda hospitali. Usisubiri siku yangu.

“Ni ya wenye wazimu”, au “ni kukosa imani.”

Wengi wanaokuja wanafanya kazi, wanalea, wanaswali. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akizieleza huzuni, hofu, hasira na wasiwasi, na jinsi ya kuzitibu. Swala yako haishindani na kikao chetu.

“Atanipa dawa, kisha nitamtegemea maisha.”

Dawa ni za daktari, mimi siandiki. Kumtegemea mtaalamu kwa muda hutokea, na tunalizungumza waziwazi. Mwisho nao hupangwa mapema, kwa sababu kuagana vizuri ni jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulipata.

“Yeyote mwenye maneno mazuri anaweza.”

Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka mtaalamu asajiliwe. Muulize leseni yake, muulize alisoma wapi na nani anamsimamia. Si utovu wa adabu. Na ukishakaa naye ukaona moyo haufunguki, mwambie hivyo hivyo. Atakayekasirika kwa maswali hayo au kwa kauli hiyo hakufai.