Tezi ya thairoidi kwa mtoto: kabla na baada ya miaka 3

Magonjwa ya tezi ya thairoidi kwa watoto huwa nayagawa kwa mstari mmoja: umri wa miaka 3. Chini ya hapo homoni ya tezi hii inajenga ubongo, na kila wiki inayopita bila homoni inaondoka na uwezo ambao dawa haitaurudisha. Juu ya hapo kinachoumia zaidi ni kimo, na kimo kikiwahiwa hurudi kwa sehemu kubwa. Dawa ni ileile, levothairoksini, yaani homoni ya tezi iliyotengenezwa kiwandani. Kinachotofautiana ni muda ulio nao.

Kichanga kwanza. Katika nchi ambako watoto wote hupimwa, takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000 hukutwa na tezi isiyofanya kazi inavyotakiwa. Mara nyingi tezi haikuumbika kabisa, au imeumbika ndogo, au ilikwama chini ya ulimi badala ya kushuka shingoni. Wachache wana tezi iliyokaa mahali pake lakini imeshindwa kutengeneza homoni, na baadhi yao huzaliwa na rovu, yaani tezi iliyovimba shingoni.

Wengi wa watoto hawa huzaliwa wakionekana wazima, kwa kuwa homoni ya mama ilikuwa ikipita kwenye kondo la nyuma. Dalili huja polepole: manjano yanayozidi wiki 2, choo kigumu, kulala hadi aamshwe kunyonya, kilio kizito cha kukwaruza, ulimi mkubwa, ngozi baridi na kavu, utosi wa nyuma ulio wazi, mwili mlegevu. Kitovu kilichotokeza nacho kimo kwenye orodha, lakini peke yake hakinishtui. Watoto wetu wengi wanacho na tezi zao ni nzima. Sifa ya "mtoto mpole, hata halii" ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, hasa ikiambatana na manjano yasiyoisha. Ukingoja picha yote ikamilike, umechelewa.

Ndiyo maana kipimo kinafanywa kabla ya dalili. Ni matone ya damu ya kisigino kwenye karatasi maalumu, na kinachotafutwa ni TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi. Tezi ikilegea, TSH hupanda. Upimaji huu ulianzia Quebec, Kanada, miaka ya 1970, kwa kazi ya Jean Dussault. Tanzania na Kenya bado si huduma anayoikuta kila mama wodini, kwa hiyo mara nyingi inabidi kuiomba, na kuiomba kwa wakati wake. TSH ya kila mtoto hupaa ndani ya saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, kisha hushuka kwa siku kadhaa. Damu ikichukuliwa mama akiwa anaruhusiwa siku ileile, majibu yatatisha watu bure. Siku ya 3 hadi ya 5 ndiyo nzuri. Asiyeweza kurudi mapema namwambia atumie hudhurio la siku ya 7. Njiti ni habari nyingine: TSH yake huweza kuchelewa kupanda, hivyo kipimo cha kwanza kikiwa safi bado narudia baada ya wiki 2. Mtoto mwenye Down (aliyezaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada) namfuatilia hata kama majibu ya mwanzo ni mazuri.

TSH ya kisigino ikifika 40 au zaidi, chukua damu ya mshipa kuthibitisha na anza dawa siku hiyohiyo, bila kungoja majibu. Picha ya ultrasaundi ya shingo inapendeza kuwa nayo, ila isicheleweshe kidonge hata kwa siku moja.

Kuna sababu za muda pia. Mama aliyekosa madini joto wakati wa ujauzito (anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, wakati mtu mzima wa kawaida anahitaji 150) huweza kuzaa mtoto mwenye tezi iliyochoka. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, Kongo, kinajulikana kwenye tiba kwa jambo hili: udongo maskini wa madini joto na seleniamu, na muhogo usiolowekwa vya kutosha ambao sumu yake huzuia tezi kunyonya hata yale madini kidogo yaliyopo. Kinyume chake nacho kipo, na hiki hutokea mikononi mwetu wahudumu: kitovu cha kichanga kikisafishwa mara kwa mara kwa povidoni ayodini, dawa ya vidonda yenye madini joto, madini hayo hupenya ngozini na kuizimisha tezi kwa muda. Kitovu kina dawa yake ya kukisafishia, klorheksidini.

Sasa dawa, ambapo ndipo mengi huharibika. Dozi ya kuanzia ni mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa siku, ndani ya wiki 2 za kwanza za maisha. Mtoto wa kilo 3.2 anahitaji kati ya 32 na 48. Kwa vidonge vya 25, kimoja na nusu kinatoa 37.5, na hapo tumo. Kadiri anavyokua, dozi kwa kilo hupungua: mikrogramu 8 hadi 10 kwenye miezi 3 hadi 6, mikrogramu 6 hadi 8 hadi afike mwaka, kisha 5 hadi 6 hadi miaka 5. Dozi ya jumla, hata hivyo, huongezeka kwa sababu uzito unaongezeka, na familia inayoendelea na kidonge kimoja na nusu mwaka mzima inamnyima mtoto dawa bila kujua.

Ponda kidonge kati ya vijiko viwili, changanya na mililita 2 hadi 3 za maji au maziwa ya mama, mpe papo hapo kwa kijiko au bomba lisilo na sindano, halafu suuza kijiko kwa maji kidogo umpe na hayo. Usiweke ndani ya chupa nzima ya maziwa; asipoimaliza, hujui ameacha kiasi gani. Usitengeneze dawa ya wiki kwenye chupa. Levothairoksini haiyeyuki vizuri majini, hutuama chini, na mtoto hupata maji leo na dozi kubwa mno Ijumaa. Kwa sababu hiyohiyo sipendi duka linapokosa vidonge vya 25 na kutoa cha 100 "umegawe mara nne": robo hazilingani. Soma pia kipimo kwenye boksi kila unaponunua, maana viwanda vingine huandika kwa miligramu, na 0.05 ni sawa na mikrogramu 50.

Saa haina budi kuwa ileile kila siku. Madini ya chuma, kalsiamu na maziwa ya soya huizuia dawa isifyonzwe. Vitenganishe kwa saa 4. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Ukisahau asubuhi, mpe ukikumbuka mchana. Vidonge vikae kwenye pakiti yake, mbali na jiko, jua na unyevu, jambo lenye kazi yake Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari.

Damu hurudiwa wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza, kisha kila mwezi au miezi 2 katika nusu mwaka ya kwanza, halafu kila miezi 2 hadi 4 hadi miaka 3. Ichukuliwe kabla ya dozi ya siku hiyo. T4, homoni ya tezi yenyewe, nataka iwe nusu ya juu ya kiwango cha kawaida. Nikiona T4 nzuri na TSH ingali juu, swali langu la kwanza huwa kama vidonge vilitolewa kila siku au vimekazaniwa siku chache kabla ya kliniki. T4 hupanda haraka, TSH haisahau upesi. Ikiwa tangu mwanzo ilionekana kwamba tatizo huenda ni la muda, akishatimiza miaka 3 tunaweza kusimamisha dawa kwa wiki 4 na kupima. Yule asiye na tezi kabisa hatuna haja ya kumjaribu.

Mtoto mkubwa hana haraka hiyo, ila ana mtego wake: mizani. Sababu ya kawaida kwake ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, na wenye Down, Turner (msichana aliyezaliwa amepungukiwa kromosomu ya X) au kisukari aina ya 1 huwa hatarini zaidi. Dalili ya kwanza, mara nyingi ya pekee kwa mwaka au zaidi, ni kimo kusimama huku uzito ukiendelea. Kliniki inayopima kilo tu itamwona amenawiri. Mfupi anayeitwa mdumavu kwa lishe duni kwa kawaida alianza kubaki nyuma kabla ya miaka 2. Huyu wa thairoidi alikuwa akienda vizuri, kisha mstari wake wa kimo ukalala.

Kwa hiyo kipime kimo sawasawa. Chini ya miaka 2 apimwe akiwa amelala kwenye ubao, watu wawili, mmoja kichwani na mwingine magotini. Kuanzia miaka 2 asimame, bila viatu, visigino, makalio, mabega na kisogo vikigusa ubao. Msuko ufumuliwe, au angalau usiwe juu ya utosi. Rasta zilizofungwa juu huongeza sentimita za uongo. Kumbuka kwamba urefu wa kulala huzidi wa kusimama kwa takriban sentimita 0.7, kwa hiyo mtoto anayebadilishiwa njia huonekana amesimama kukua. Rudia baada ya miezi 6. Chini ya hapo unapima makosa yako. Kati ya miaka 4 na balehe mtoto huongeza sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akiongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka, nataka TSH na T4, pamoja na eksirei ya kiganja cha kushoto kuona umri wa mifupa, ambao kwa ugonjwa huu hubaki nyuma sana.

Kimo hichohicho humwokoa mtoto mnene na dawa asiyoihitaji. Mnene wa chakula huwa mrefu kwa umri wake. TSH ya 5 hadi 10 kwake, T4 ikiwa sawa, ni matokeo ya unene wenyewe, na levothairoksini haitampunguza.

Aliyekaa miaka bila tiba huanzishwa dozi ndogo na kupandishwa kwa wiki kadhaa, akiangaliwa maumivu makali ya kichwa. Wazazi na mwalimu waambiwe mapema kwamba yule mtoto mtulivu, mwenye kukaa kitini siku nzima, huenda akawa mtundu, akashindwa kutulia darasani na alama zikashuka kwa muda. Hapo ndipo baadhi ya familia huitupa dawa wakidhani imemharibu. Pima damu wiki 6 hadi 8 baada ya kila mabadiliko ya dozi. Majibu yakiwa sawa, dozi isiguswe.