Je, maongezi ukingoni hufukuza sangara?

Wavuvi wengi wa ndoana kando ya Nile, Jinja na kwingineko Uganda, wanaamini kuwa rafiki yako akifungua mdomo tu, sangara ameshakwenda zake. Ndiyo maana utawakuta watu wawili wamekaa asubuhi nzima bila neno.

Imani hii ina msingi, kwani samaki anasikia kweli. Hana masikio ya nje, lakini ubavuni ana mstari unaohisi mtikisiko wa maji, na ndani ya kichwa ana vijiwe vya kumsaidia kusikia. Siku ukila kichwa cha sangara (mputa, kwa Waganda wengi), pasua fuvu taratibu nyuma ya macho, utaviona: vyeupe, vigumu, vimelala kulia na kushoto.

Ila sauti ya mtu husafiri hewani, na ikigusa uso wa maji karibu yote hurudi juu. Kishindo ndicho cha kuogopa. Mguu unaokanyaga kwa nguvu ukingoni au kasia linalogonga mtumbwi hupeleka mtikisiko moja kwa moja majini, ambako sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Kivuli chako nacho humshtua.

Jaribu nyumbani: jaza karai maji, zamisha masikio, mwenzako aongee kawaida, kisha agonge karai kwa kijiko. Na mkienda kwa mtumbwi, tandikeni gunia chini kabla ya kuweka ndoo.