Je, wajua kwa nini harusi za Kihindu husimama Zuhura ikilikaribia jua?

Mei na Juni ni miezi ya harusi kaskazini mwa India. Mwaka 2024 kalenda nyingi za kidini za huko, ziitwazo panchang, hazikutoa hata tarehe moja ya kufungia ndoa katika miezi hiyo. Wapishi, wapiga tarumbeta na wenye kumbi wakabaki wanasubiri Julai. Sababu ilikuwa angani: Zuhura ilikutana na jua tarehe 4 Juni, na Mshtarii (sayari ya Jupita) ilikuwa imetangulia kukutana nalo tarehe 18 Mei.

Katika Jyotisha, unajimu wa jadi wa India, sayari mbili zikiwa katika burji moja, yaani moja ya sehemu kumi na mbili za anga kama Ng'ombe au Mizani, husemwa zimeungana. Mnajimu huuliza kama zinapatana, ziko nyumba ya ngapi (nyumba ni mafungu kumi na mawili ya maisha ya mtu), na zimepishana nyuzi ngapi, maana zikikaribiana sana nguvu ya muungano huongezeka. Kukutana na jua, hata hivyo, kuna hukumu yake peke yake. Jua hufunika mwanga wa sayari iliyo karibu nalo mpaka isionekane tena, na sayari hiyo huitwa asta, yaani iliyotua. Surya Siddhanta, kitabu cha kale cha hesabu za falaki, kimeweka mipaka: Mshtarii hupotea ikiwa ndani ya nyuzi 11 kutoka kwenye jua, Zuhura nyuzi 10, au 8 inapokwenda kinyumenyume. Ukiitazama vizuri, hii ni kanuni ya macho. Watu walipanda juu ya paa alfajiri au baada ya magharibi wakaitafuta nyota, wasiione.

Sasa kwa nini ndoa? Kwa sababu Zuhura, ambayo wao huiita Shukra, ndiyo sayari ya mapenzi, starehe na mwenzi wa maisha. Mshtarii ni Guru, mwalimu wa miungu, mwenye baraka za watoto na dini. Wanajimu wengi humsoma yeye kama alama ya mume katika nyota ya mwanamke, yaani ramani ya anga ya saa aliyozaliwa. Shukra naye ni mwalimu, ila wa majitu maadui wa miungu, na hadithi za Kihindu zinasema ndiye mwenye elimu ya kufufua wafu. Walimu hawa wawili wakiwa hawaonekani, wenye kushika mila wanaona hakuna wa kuibariki sherehe. Huongeza pia siku chache kabla na baada, kwa maelezo kwamba sayari inayoelekea kutua ni mzee na inayochomoza upya ni mtoto mchanga. Mzee na mchanga hawasimamii harusi.

Kutua kwa Zuhura kuna namna mbili. Ikipita nyuma ya jua, upande wa mbali na dunia, huenda polepole na inaweza kupotea kwa miezi miwili au zaidi. Ikipita kati yetu na jua, hutoweka kwa siku nane hadi kumi hivi, kisha inarudi upande mwingine wa anga. Mwaka 2024 ilikuwa ile namna ndefu, ndiyo maana maumivu ya wafanyabiashara yalikuwa makubwa. Hata Akshaya Tritiya, sikukuu iliyoangukia 10 Mei na ambayo kwa wengi haihitaji kutafutiwa saa njema, ilizua ubishi.

Hayo ni ya kuchagua tarehe. Kuisoma nyota ya mtu aliyezaliwa wakati Zuhura imetua ni kazi nyingine, na hapa ndipo ninapoona wanajimu wa mitandaoni wakitisha watu bure. Maelezo ya kawaida ni kwamba jua ni nafsi na mamlaka, Zuhura ni mapenzi, kwa hiyo nafsi humeza mapenzi: mmoja anakuwa bosi nyumbani, mwingine hasikiki. Ikitokea katika nyumba ya saba, uzito unazidi, kwa kuwa nyumba hiyo ni ya mwenzi. Tena si mke au mume tu. Mshirika wa biashara naye anasomwa humo humo, hivyo ugomvi wa duka la ubia na ugomvi wa kitanda vinatafutwa mahali pamoja.

Lakini piga hesabu. Zuhura haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47 hivi, siku zote iko jirani. Kwa mipaka ile ya nyuzi 10 na 8, inakuwa imetua karibu siku 90 katika kila mzunguko wake wa siku 584. Maana yake, takribani mtu mmoja kati ya saba amezaliwa nayo hivyo. Wanajimu makini wanalijua hilo. Huuliza kwanza kama Zuhura iko katika burji zake yenyewe, Ng'ombe au Mizani, au katika Samaki, burji inamokuwa na nguvu zaidi, na Mshtarii inaielekea kutoka wapi, kabla ya kusema neno juu ya ndoa ya mtu.

Sayansi nayo imewahi kuwapima. Mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake wa mji wa Pune, India, waliwapa wanajimu 27 nyota za kuzaliwa 40 kila mmoja, wazitenganishe za wanafunzi hodari na za watoto wenye ulemavu wa akili. Wastani wao haukufika majibu 20 sahihi, idadi ambayo mtu angeipata kwa kubahatisha. Hilo halikufuta desturi, wala si India peke yake yenye desturi ya namna hii: kalenda za Makhoja Ithnaasheri, Waislamu wa Kishia, wa Dar es Salaam na Mombasa huonyesha siku ambazo mwezi uko katika burji ya Nge, ili nikaha isifungwe.

Anayepanga mapema ana msaada mmoja. Mizunguko mitano ya Zuhura inakaribia kabisa miaka minane, kwa hiyo itapita tena nyuma ya jua mwanzoni mwa Juni 2032. Mshtarii safari hiyo itakuwa upande wa pili wa anga, inaonekana karibu usiku kucha.